Miezi Mitatu Sakafuni: Ziara za Vikosi vya Ngoma na Tarumbeta Marekani, Zamani na Leo

Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti, wakati upepo wa kusi unapotupoza huku pwani na akina mama wakitafuta sweta za watoto wa chuoni, kule Marekani jua huwa limeshitadi na shule zimefungwa. Ni katika miezi hiyo ndipo mabasi manne au matano huingia polepole, mnamo saa kumi za alfajiri, katika uwanja wa shule moja ya sekondari, kwenye mji ambao pengine abiria wake hawaujui hata jina. Hushuka vijana kiasi cha 150, macho yamewavimba kwa usingizi, kila mmoja amekumbatia godoro la upepo na begi la kulalia. Huingia katika ukumbi wa michezo, wakatandika juu ya sakafu ya mbao, wakalala. Baada ya muda wa saa nne au tano taa huwashwa. Huamka, wakafungua kinywa, kisha wakatoka kufanya mazoezi juani hadi alasiri. Usiku huvaa sare na kupiga ngoma na tarumbeta zao mbele ya maelfu ya watazamaji kwa muda wa dakika 12 hivi, kisha hupanda mabasi tena. Kesho yake ni hivyo hivyo, na keshokutwa, mpaka wiki ya pili ya Agosti.

Hivi ndivyo vikosi vya vijana vya ngoma na tarumbeta. Si bendi za shule, ijapokuwa wanachama wake wengi wamelelewa katika bendi za shule. Ni jumuiya zinazojitegemea, kila moja na jina lake, sare yake na mji wake wa asili, nazo hushindana mbele ya waamuzi wanaotoa alama katika mia. Kijana akishatimiza miaka 22 kabla ya Juni mosi hana nafasi tena, hata awe fundi namna gani. Zana ni tarumbeta za shaba, ngoma za kila aina, na bendera zinazorushwa hewani. Uwanja ni ule wa futiboli ya Kimarekani, wenye urefu wa mita 91 baina ya goli na goli, na mpigaji hupiga huku akitembea, akikimbia au akirudi kinyumenyume, pengine kwa mwendo wa mapigo 180 au 200 kwa dakika.

Msomaji wa Mombasa au Lamu aliyewahi kukaa na wazee hataliona jambo hili kuwa geni kabisa. Beni zetu za mwanzoni mwa karne iliyopita, Kingi na Scotchi za Mombasa, na ushindani wa Mkomani na Langoni kule Lamu, zilitoka katika chemchemi kama hiyo ya muziki wa majeshi: sare, vyeo, gwaride, na mtaa mmoja kutaka kuupita mwingine hata kama gharama zitaurudisha nyuma mwaka mzima. Mwanahistoria Terence Ranger aliziandikia kitabu mwaka 1975. Nimezitaja kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba tusije tukadhani Wamarekani ndio wa kwanza kuuza shamba kwa ajili ya tarumbeta.

Chimbuko la vikosi vyao ni askari. Waliorudi kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia walikusanyika katika vyama vya wanajeshi wastaafu, kikiwamo American Legion kilichoundwa mwaka 1919, na Veterans of Foreign Wars kilichokuwapo kabla yake. Ngoma na mabaragumu ya kijeshi hayakuwa haba. Kwanza walipiga wao wenyewe, watu wazima, na mashindano yao ya kitaifa yalianza mapema katika miaka ya 1920. Kisha wakawaundia watoto wao vikosi. Makanisa ya mitaa yakafuata, na vikundi vya skauti, na vituo vya zimamoto, hata ikawa katika majimbo ya mashariki na ya kati hapana mji wa viwanda usiokuwa na kikosi cha watoto wake. Aghalabu mtoto hakuchaguliwa kwa kipaji. Alichukuliwa kwa sababu anakaa mtaa ule, na padri au askari mstaafu aliyesimamia kikosi alimjua baba yake.

Kwa hivyo tunapouliza zamani kikosi kilimdai nini kijana, jibu la kwanza ni nidhamu ya kambi. Kabla ya kupiga hata sauti moja, vijana walisimama mistari na kukaguliwa: viatu, vifungo, nywele, shaba iliyosuguliwa. Waliingia uwanjani kwa mstari wa kuanzia na kutoka kwa mstari wa kumalizia, wakibeba bendera ya taifa kwa adabu zote za kijeshi. Na waamuzi hawakukaa juu jukwaani kama leo. Walitembea kando ya wapigaji, ubao wa kuandikia mkononi. Kikosi kilianza na alama kamili, na kila kosa lililoonekana au kusikika liliondoa sehemu ya kumi ya alama moja. Mguu uliochelewa, kijiti cha ngoma kilichogusa ukingo, baragumu lililotoka kabla ya wakati, yote yalipigiwa alama papo hapo. Kijana wa miaka 14 alijua kwamba yule mtu mzima aliye hatua mbili kutoka kwake anamngojea yeye akosee. Utaratibu huo wa kuhesabu makosa ulidumu hadi mapema katika miaka ya 1980. Tangu msimu wa 1984 waamuzi hujenga alama kutoka chini kwa kupima ubora wa kazi nzima. Wako wazee wa vikosi ambao mpaka leo huuona uamuzi huo kuwa ndio mwanzo wa kuharibika mambo. Mimi nawaonea imani watoto waliokuwa wakitembea na mhesabu makosa ubavuni.

Jibu la pili ni uzito. Baragumu la asili halikuwa na vali, na kwa miaka mingi kanuni ziliruhusu vali moja tu. Vali mbili kamili zilikuja mwaka 1977 na tatu mwaka 1990, na mpaka mwaka 2000 kila kikosi kilifungwa na baragumu la sauti moja ya msingi. Kupata wimbo kamili kwa chombo kama hicho ni kazi ya midomo na masikio kuliko vidole. Mabaragumu ya besi, ambayo huwekwa begani, yana uzito wa kilo 13 na zaidi. Ngoma nazo, hata zile kubwa za timpani ambazo katika okestra huwekwa chini na mpigaji akazizunguka, zilibebwa kwa mikanda, kila kijana na yake, kuzunguka uwanja mzima. Ruhusa ya kuziweka chini mbele ya uwanja ilipatikana mapema katika miaka ya 1980. Ongeza sare za sufi zenye kola ndefu na kofia za manyoya zilizofungwa kidevuni, katika joto la Agosti, na msomaji atatambua kwamba hawakuwa wakicheza.

Hata hivyo, safari zenyewe zilikuwa fupi. Kijana alifanya mazoezi jioni za wiki na mwisho wa wiki karibu na kwao, majira yote ya baridi, ndani ya ukumbi wa kanisa au ghala. Majira ya joto yalipofika, kikosi kilikwenda Jumamosi kushindana katika mji wa jirani, na Jumatatu kijana yuko kwao, pengine kazini dukani. Ziara ndefu ilikuwa ya wiki mbili au tatu hivi, kwenda kwenye mashindano ya kitaifa. Waliokwenda mbali zaidi ni wale waliokaa mahali pasipo na jirani. Troopers, kikosi kilichoundwa mwaka 1957 katika mji wa Casper, jimbo la Wyoming, kilikuwa miongoni mwa hao. Ukiitazama ramani utaona kwamba kutoka Casper hakuna mashindano yaliyo karibu, kwa hivyo walijifunza mapema kuishi barabarani.

Mambo yaligeuka mwaka 1971 na 1972. Wakurugenzi wa vikosi vilivyokuwa juu walichoka kuongozwa na vyama vya wanajeshi wastaafu, ambao waliweka kanuni, wakachagua waamuzi na kugawa fedha, ilhali gharama za kusafiri zilibebwa na vikosi vyenyewe. Wakaungana, wakaunda chombo chao, Drum Corps International. Mashindano yake ya kwanza ya ubingwa yalifanyika mwezi wa Agosti 1972 katika mji mdogo wa Whitewater, jimbo la Wisconsin, na washindi wakawa Anaheim Kingsmen kutoka California, waliovuka zaidi ya nusu ya nchi ili kufika hapo. Kuanzia siku hiyo kikosi kilichotaka kuhesabiwa kilipaswa kuzunguka nchi nzima. Ziara ya wiki mbili ikawa mwezi, kisha miezi miwili.

Hapo ndipo ninapoona kiini cha habari yote hii. Watu hupenda kusimulia mabadiliko ya vikosi kwa kutaja muziki: vali ngapi, vipaza sauti vilivyoruhusiwa mwaka 2004, vyombo vya elektroniki mwaka 2009. Lakini badiliko lililogusa familia lilikuwa la barabara. Kikosi cha mtaa kiliweza kuishi kwa mabasi ya zamani ya shule na shilingi za jirani maadamu kilirudi nyumbani Jumapili usiku. Kilipotakiwa kutoka Massachusetts hadi Colorado, basi likaharibika njiani, watoto wakalala kando ya barabara kuu wakingoja fundi, na bei ya mafuta ikapanda katika muongo ule wa 1970, kikosi kimoja baada ya kingine kilifunga mlango. Vilivyokuwa mamia vimebaki makumi machache. Vilivyobaki ni bora mno kwa ufundi. Lakini mtoto wa mtaa wa viwanda ambaye zamani angeingia kikosi kwa kuvuka barabara, leo hana mlango wa kuvukia.

Na sasa tutazame mlango wa leo. Usaili huanza mwezi wa Novemba au Disemba. Kijana huruka kwa ndege kutoka jimbo lake, na wengine hutoka hata Japani, kwenda kambi ya siku mbili au tatu, mara moja kila mwezi, mpaka masika. Nafasi ni za kuhesabika. Kwa miaka mingi kikosi hakikuweza kuzidi vijana 128, kisha idadi ikapandishwa hadi 150, na karibuni zaidi ya hapo. Vikosi maarufu kama Blue Devils wa Concord, California, hupata waombaji wengi kuliko nafasi walizonazo. Aliyepita huhamia kikosini mwezi wa Mei, na kwa wiki tatu au nne hivi hufanya mazoezi kutwa nzima katika uwanja mmoja kabla ya ziara kuanza. Mtu asidhani ni lugha ya kutia chumvi. Asubuhi ni kujinyoosha viungo, kukimbia na kujifunza mwendo. Baada ya chakula cha mchana kila kundi hujitenga na chombo chake. Jioni wote hukutana na kuunganisha hadi saa tatu au nne za usiku. Jumla ni saa kumi au zaidi kwa siku.

Kila kijana hutundika shingoni kijitabu kidogo. Ndani yake ameandika mahali pake uwanjani kwa kila sehemu ya muziki: hatua ngapi kutoka mstari upi, ngapi kutoka ukingo wa mbele. Mahali hapo huwa zaidi ya mia moja katika onyesho moja, naye hana budi kuvihifadhi vyote kichwani pamoja na muziki wake, kwa maana uwanjani hakuna karatasi. Kando yake liko dumu la maji la lita nne hivi, ambalo haachani nalo. Mazoezi husimama kwa muda mfupi, wote hukimbilia madumu, wakanywa mafunda makubwa, wakarudi mbio mahali pao kabla mwalimu hajamaliza kuhesabu. Miguu hutoka malengelenge. Miundi huuma hata kijana akapanda ngazi za basi kwa mikono. Midomo ya wapiga tarumbeta hupasuka. Wapiga ngoma wenye busara huziba masikio, na wasio na busara hujuta wakifika umri wangu.

Katika hili zama za sasa zimeizidi ile ya zamani kwa huruma. Zamani kiu na jua vilihesabiwa kuwa sehemu ya kumkomaza mtoto. Leo vikosi vikubwa husafiri na wahudumu wa tiba ya michezo, mafuta ya kukinga jua hupakwa kwa amri, na sare ya sufi imeachwa kwa kitambaa chepesi kinachonyumbulika, ambacho hubuniwa upya kila mwaka kulingana na maudhui ya onyesho. Lakini huruma hiyo imekuja kwa sababu kazi yenyewe imekuwa nzito zaidi. Babu zao walitembea mistari iliyonyooka kwa hatua za askari. Hawa hukimbia, hupiga magoti, huviringika chini, hupanda majukwaa yaliyoletwa kwa malori, na bado wanatakiwa watoe sauti safi. Mwaka 2014 Blue Devils walipata alama 99.65 katika fainali, alama ya juu kuliko zote katika historia ya mashindano hayo. Yaani baada ya miezi mitatu ya kulala sakafuni, waamuzi walikosa kuridhika kwa sehemu ndogo kuliko nusu ya alama moja.

Nami huwaza, kama msomaji wetu atakavyowaza, kuhusu kijana Mwislamu aliyemo katika safari hiyo. Baina ya mwaka 2012 na 2016 Ramadhani iliangukia ndani ya msimu. Mnamo Julai, katika majimbo ya kati, baina ya alfajiri na magharibi ni zaidi ya saa 16. Ruhusa ya msafiri ipo na inajulikana, lakini siku zile za kulipa zingemngoja nyumbani.

Sasa jikoni, kwa sababu hapo ndipo ninapotamani kukaa. Nyuma ya kila kikosi hutembea lori refu lenye trela, na ndani ya trela hilo kuna majiko, sinki, majokofu na rafu zilizofungwa kwa minyororo ili sufuria zisiruke barabarani. Hilo ndilo jiko la kikosi. Linalisha vijana, walimu na madereva, jumla ya watu 200 au zaidi, mara nne kwa siku: asubuhi, mchana, kabla ya mashindano, na mara ya mwisho usiku wa manane, baada ya onyesho, wakati watoto wanaposimama kwenye foleni gizani kando ya mabasi wakiwa na sahani mikononi. Wapishi wengi hawalipwi. Ni akina mama na akina baba waliochukua likizo zao, wiki moja huyu na wiki mbili yule, wakaja kukata vitunguu katika uwanja wa kuegesha magari. Na bado, kila ziara, siku haikosi kufika ambayo lori limechelewa na chakula ni mkate uliopakwa siagi ya njugu na jemu.

Wengine hukaa na nyuzi. Sare ya kijana aliyepungua kilo sita tangu Mei lazima ipunguzwe. Zipu iliyokatika saa moja kabla ya onyesho lazima ishonwe mwilini mwake huku amesimama. Zamani akina mama hao hao walishona sare zote za kikosi, wakauza keki, wakaosha magari ya watu ili kulipia mabasi. Hili ni jambo moja ambalo halikubadilika sana. Majina ya waamuzi na walimu huandikwa katika vitabu vya historia ya vikosi, nayo majina ya waliopika hupotea. Ningependa kusoma historia ya vikosi iliyoandikwa kutoka ndani ya trela lile.

Fedha ni mlango mwingine. Zamani mtoto alilipa kidogo sana, pengine ada ya juma isiyozidi bei ya soda chache, na mengine yalibebwa na kanisa, na chama cha wanajeshi, na michezo ya bingo. Hapa msomaji atakunja uso, na ana haki. Bingo ni kamari, na kwa miaka mingi vikosi vingi vya Marekani vilisafiri kwa fedha za kamari hiyo, iliyochezwa ukumbini usiku na majirani wengi wao wazee, huku wazazi wakisimamia kwa zamu. Vingine vinaitegemea hadi leo. Ilipopungua, kwa ushindani wa kasino na bahati nasibu za serikali, pengo lilijazwa na familia. Mapema katika muongo huu ada ya msimu katika vikosi vikubwa ilikuwa baina ya dola 4,000 na 6,000. Kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola, dola 5,000 ni shilingi 650,000, na hapo hujalipa tikiti za ndege za kambi za kila mwezi, wala viatu. Isitoshe, ada hiyo haitoshelezi gharama halisi ya kumsafirisha, kumlisha na kumfundisha kijana mmoja. Sehemu iliyobaki hutafutwa kwa wafadhili.

Kuna na hasara isiyoandikwa katika risiti. Kwa mwanafunzi wa chuo kikuu wa Marekani, miezi mitatu ya joto ndiyo miezi ya kufanya kazi na kuweka akiba ya karo. Aliyemo kikosini hatengenezi hata senti. Kwa hivyo mtoto wa mfanyakazi hulipa mara mbili, kwa ada na kwa mshahara alioukosa. Wako wanaoweza, kwa kuosha vyombo mikahawani majira yote ya baridi na kuwaandikia barua jamaa na majirani kuomba mchango. Ninawastahi. Lakini nikilinganisha na mtoto wa mwaka 1955 aliyekabidhiwa baragumu kwa sababu mama yake alimwomba padri amwondoe barabarani, naona kwamba waliohitaji zaidi nidhamu ile ndio waliofungiwa nje.

Limebaki swali ambalo mama yeyote angelitanguliza mbele ya yote: mtoto wangu analala wapi, na nani yuko naye? Vikosi vingi vya zamani vilikuwa vya wavulana watupu. Wasichana waliingia kwanza kama washika bendera, au wakawa na vikosi vyao wenyewe, na polepole milango ikafunguka. Madison Scouts, kikosi kilichoanzishwa Wisconsin mwaka 1938, kilisubiri hadi 2019 ndipo kikatangaza kuwapokea wasichana. Leo wasichana hupiga kila chombo, pamoja na yale mabaragumu mazito ya begani.

Lakini ziara ndefu, mbali na wazazi, chini ya walimu ambao neno lao ndilo linaloamua nani abaki na nani aondoke, ina hatari yake. Mwaka 2018 gazeti la Philadelphia Inquirer liliandika habari za wanawake kadhaa waliomtuhumu mkurugenzi wa muda mrefu wa kikosi cha The Cadets kwa kuwadhulumu kijinsia katika miaka iliyopita. Mkurugenzi huyo alijiuzulu. Kikosi hicho hakikuwa cha pembeni. Kilizaliwa mwaka 1934 katika kanisa la mtaa mmoja wa Garfield, New Jersey, na kilikuwa kimetwaa ubingwa wa Drum Corps International mara kumi. Vikosi vingine vilishtuka, na kanuni za kuwalinda wanachama na njia za kupeleka malalamiko zikaimarishwa. The Cadets wenyewe hawakupona. Mwaka 2024, wakiwa wametimiza miaka 90, na wakikabiliwa na gharama za kesi inayohusu madai ya zamani zaidi, walitangaza kwamba wamefunga.

Nimesoma maombolezo mengi ya wapenzi wa kikosi kile, na machozi yao nayaelewa. Lakini ikiwa wasichana waliojitolea miezi yao yote ya ujana hawakupata mahali pa kusemea kwa miaka mingi hivyo, basi nidhamu iliyosifiwa ilikuwa na upande mmoja tu. Mtoto alikaguliwa vifungo vya sare, na mkubwa hakukaguliwa na yeyote.

Mwaka 2020, kwa sababu ya korona, hapakuwa na mashindano hata kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza tangu 1972. Mtu angedhani kwamba vijana, kwa kuonja majira ya joto ya vitanda na chakula cha nyumbani, wangeizoea starehe. Vikosi viliporudi, usaili ulijaa.

Tangu 2009 fainali hufanyika Indianapolis, katika uwanja mkubwa wenye paa uitwao Lucas Oil Stadium. Usiku wa mwisho, baada ya alama kutangazwa, wale wanaomaliza umri wao hubaki uwanjani wamekumbatiana, na wengi hulia bila kujificha, mshindi na aliyeshindwa. Kisha hurudi kwenye ile shule ya mwisho, na jiko la trela huwapa chakula cha mwisho. Zamani, kikosi kiliporudi kutoka ziara, basi liliwashusha wote mbele ya kanisa lile lile, na Jumatatu walikutana tena dukani, au kiwandani, au mlangoni kwa jirani. Sasa alfajiri mabasi huelekea uwanja wa ndege. Kila mmoja ana tikiti ya mji wake. Mapokezi ya mizigo huuliza kuhusu lile sanduku refu lililobeba tarumbeta, na mama mmoja aliyepika kwa wiki mbili yuko nyuma katika uwanja wa kuegesha magari, anasugua sufuria za watu 200 kabla trela halijafungwa hadi mwakani.